UZI: Kubadilisha ekzosi (mfumo wa bomba la moshi) ya Land Cruiser mkonga ya zamani (injini 1HZ). Nilichofanya, nilichopima, na pale nilipokosea

#1 Mkonga wa Meru

Wakuu, habari za jioni. Kuna wadau kadhaa wamenifuata PM kuuliza habari ya ekzosi ya mkonga wangu (Land Cruiser yenye bomba la kuvutia hewa lililopanda juu kama mkonga wa tembo), nikaona badala ya kujibu mmoja mmoja niweke uzi, kila mtu afaidike. Utakuwa mrefu kidogo, mnivumilie.

Gari ni HZJ75 hardtop ya mwanzoni mwa miaka ya tisini, injini yake ya kuzaliwa nayo, 1HZ: dizeli, silinda 6, cc 4,164, haina tabo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini). Iko Arusha. Kazi yake ni rafu rodi, Karatu, Engaruka, Natron, na shule zikifungwa inabeba familia kwenda kijijini.

Sikuanza kwa kutafuta nguvu. Nilianza kwa mtoto kuumwa kichwa. Desemba ile tulikuwa tumetoka Makuyuni, joto kali, madirisha ya nyuma wazi. Kabla ya Mto wa Mbu kitindamimba wangu akasema kichwa kinauma. Nikasema ni jua, mpe maji. Dakika kumi baadaye mama yake naye akasema anasikia kichefuchefu. Hapo nikapaki pembeni, nikazima, nikafungua boneti. Pale flenji ya kwanza (bamba la kuungia bomba) inapokutana na manifodi (chuma kinachokusanya moshi wa silinda zote) kulikuwa na mstari mweusi wa masizi umepanda juu, kana kwamba mtu amechora kwa mkaa. Ule mpira wa chini ya kijiti cha gia ulikuwa umepasuka, kwa hiyo moshi ulipanda moja kwa moja hadi miguuni petu. Nikaingia chini: tumbo la sailensa (kopo la kupunguza mlio) lilikuwa limeoza, ukiligonga kwa bisibisi inazama.

Tulimalizia safari taratibu, madirisha ya mbele wazi na yale ya nyuma yamefungwa. Ukifungua ya nyuma peke yake, gari linanyonya moshi kuuingiza ndani. Hilo sikulijua hadi siku ile. Na tusidanganyane kwamba moshi wa dizeli hauna neno kwa sababu hauui haraka kama wa petroli kwenye chumba kilichofungwa. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa WHO uliuweka kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mimi nilikuwa nimewapulizia wanangu kwa miezi sijui mingapi.

Kwa hiyo cha kwanza ninachotaka kusema, kabla ya inchi na mlio: kwenye gari la zamani lisilo na tabo, ekzosi nzuri ni ile isiyovuja, isiyobana, na inayotoa moshi mbali na watu. Nguvu ni nyongeza, tena ndogo.

#2 Mkonga wa Meru (inaendelea)

Gereji ya kwanza niliyopeleka, jina nalihifadhi, walinifungia mfumo mzima siku moja. Niliona bei nzuri nikakubali, sikuuliza bomba ni la nini. Lilikuwa bomba la maji, lile la mabati lenye zinki, inchi 2. Makosa mawili kwa pamoja. Ukichomelea bomba la zinki, moshi wake mweupe unampa fundi homa usiku, anatetemeka kama mwenye malaria; kijana aliyenichomelea hakuja kazini kesho yake. Na kwenye kona walilikunja kwa nguvu hadi likabonyea, kona ikawa kama mrija wa soda uliokunjwa.

Gari likawa zito. Mwanzoni nilidhani ni hisia zangu, nikaamua kupima.

Kupima si kazi ngumu. Toboa tundu dogo kwenye bomba, sentimita 20 hivi chini ya manifodi, chomelea nati ya M10 juu yake. Kwenye nati funga kipande cha paipu ya breki ya shaba, urefu wa mita moja na zaidi, ukizungushe mara mbili tatu ili moshi upoe humo, halafu mpira, halafu geji ndogo ya presha inayoishia bar 1. Geji nikaiweka dashibodi. Ukimaliza kupima unaziba nati kwa bolti, imekwisha.

Usipime gari limesimama ukikanyaga mafuta bure. Dizeli isiyo na mzigo haitoi joto la kutosha, itakudanganya. Nilipanda nayo kile kilima cha kutoka Mto wa Mbu kwenda Rhotia, gia ya tatu, mguu chini. Kwenye mizunguko 3,500 kwa dakika geji ilisoma bar 0.32. Maana yake kila pistoni ilipokuwa inapanda kutoa moshi, ilikuwa inausukuma dhidi ya ukuta.

Nikatafuta fundi mwingine, akanifungia mfumo wa pili kwa bomba la inchi 2.5. Baada ya hapo, kilima kile kile, mzigo ule ule: bar 0.09.

#3 Mkonga wa Meru (inaendelea)

Sasa habari ya inchi, maana hapa ndipo wengi tunapotupa hela.

Injini ya lita 4.164 inavuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwenye mizunguko 3,800 hiyo ni karibu lita 7,900 za hewa kwa dakika kama ingejaa yote. Ikitoka imeshapata moto, na kwenye nyuzi 500 za selsiasi hewa ile inachukua nafasi mara mbili na nusu ya ilivyoingia. Hayo yote yanapita kwenye kibomba kimoja.

Bomba la inchi 2, ndani yake lina eneo la sentimita za mraba 17 hivi. La inchi 2.5 lina karibu 29. La inchi 3 lina karibu 42. Kutoka 2 kwenda 2.5 unaongeza njia kwa zaidi ya nusu, na kwa kuwa ukinzani unapanda kwa mraba wa mwendo wa moshi, unapungua hadi theluthi au chini yake. Hapo ndipo kuna faida. Ukitoka 2.5 kwenda 3, kile kilichobaki cha kupunguza ni kidogo, na kwenye 1HZ isiyo na tabo utakachokipata zaidi ni mvumo na bomba linalogonga chesisi. Mimi nimebaki na 2.5 toka flenji hadi mkiani.

Kona nazo zina uzito wake. Kona moja iliyobonyea inaweza kufuta faida ya bomba zima. Afadhali bomba dogo lenye kona za mviringo safi kuliko kubwa lililopondwa.

Sasa mseme gari linapaa? Hapana. Rhotia bado naipanda kwa gia ya tatu. Tofauti ni kwamba halichoki mapema pale juu ya mizunguko 2,500, na halisongwi. Mafuta nilipima kwa kujaza tenki hadi shingoni mara nne kabla na mara nne baada: kilomita 7.1 kwa lita, ikawa 7.3. Tofauti hiyo hata upepo unaweza kuileta, siihesabu. Ila ndani ya gari hakuna harufu. Hakuna kabisa.

#4 Nyika300

Mkuu, shukrani kwa darasa. Mimi niko Iringa na Defender 110, injini 300Tdi. Kwetu sisi wenye tabo mambo ni tofauti kidogo, nasahihisha kwa wasomaji wengine wasije wakakariri. Tabo inazungushwa na moshi, kwa hiyo nyuma yake unataka njia iwe wazi kadiri iwezekanavyo. Wengi tunatoa ile sailensa ya kati na kuweka bomba tupu, tunabaki na ya nyuma tu. Tabo inaamka mapema, na kelele haizidi sana kwa sababu feni ya tabo yenyewe inakata mlio.

Lakini kabla ya bomba, angalieni manifodi. Za 300Tdi zinapinda kwa joto, zinakata stadi (bolti zinazoifunga manifodi kwenye injini) za mwisho, mbele na nyuma. Mimi nilibadilisha gasketi mara tatu kabla sijaweka rula juu ya manifodi na kuona mwanga unapita chini yake. Ilipelekwa kusawazishwa kwa mashine, na zile mbavu zinazounganisha matawi zikakatwa ili kila tawi litanuke lenyewe. Tangu hapo imetulia.

#5 Mkonga wa Meru

@Nyika300 umesema kweli, asante sana ndugu. Rula ni sekunde thelathini, na wengi hatuipimi.

#6 Gereji ya Mzee

Vijana hamjambo. Nimechomelea ekzosi Moshi miaka mingi, naongeza machache.

Kama hakuna mashine ya kukunja inayoingiza kiini ndani ya bomba, bado kona safi inawezekana. Ziba upande mmoja, jaza mchanga, shindilia kwa kugonga bomba pembeni mpaka usishuke tena, ziba na juu. Pasha moto mahali pa kona mpaka paive wekundu, kunja polepole. Mchanga unazuia bomba lisibonyee. LAKINI mchanga ukaangwe kwanza, uwe mkavu kabisa. Ukiwa na unyevu, maji yanageuka mvuke, na kile kizibo kinaruka kama risasi. Nimemwona mtu kapoteza jicho. Msifanye haraka na jambo hilo.

Pili, usichomelee bomba likiwa mezani halafu ulilazimishe kwenye gari. Lining'inize lote kwanza, na mipira yake, na sailensa yake, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, siyo kwenye jeki. Piga doti (vishikizo vidogo vya kuchomelea) tatu tatu kila kiungo. Tikisa. Ukiona haligusi kitu, shusha, malizia mshono chini.

Tatu, toa waya wa betri kabla ya kuwasha mashine, na klampu ya hasi uifunge karibu na pale unapochomelea, kwenye bomba lenyewe. Ukiifunga mbali, umeme unapita kwenye beringi za gari kutafuta njia.

#7 Mkonga wa Meru

Shikamoo mzee wangu. Hilo la mchanga kukaangwa nimeshuhudia fundi wangu wa pili akilifanya kwenye sufuria kuukuu, sikujua sababu yake mpaka leo nimekusoma.

#8 Gereji ya Mzee

Marahaba mwanangu. Fundi wako kafundishwa vizuri.

#9 Bahari HJ60

Salaam kutoka Likoni, Mombasa. Nina Land Cruiser HJ60 yenye injini ya 2H. Huku kwetu tatizo letu ni chumvi, bomba la chuma cha kawaida halikai. Swali langu kwa ndugu mwenye uzi: ulitumia chuma gani? Nimeambiwa stainless, lakini sokoni kila mtu anaapa yake ndiyo stainless.

#10 Mkonga wa Meru

@Bahari HJ60 karibu sana ndugu yangu. Nenda na sumaku mfukoni. Stainless ya 304 sumaku haishiki, au inashika kwa unyonge sana pale palipokunjwa. Ile ya 409, ambayo viwanda vingi vya magari vinaitumia kwa ekzosi, sumaku inaishika vizuri, na itapata kutu ya juu juu ila haitobolewi haraka. Kwa chumvi ya Likoni ningekuambia 304. Mimi huku bara nimetumia chuma kilichopakwa alumini, kinanitosha.

Ukichukua 304 kumbuka kitu kimoja: inatanuka zaidi. Bomba la mita 3 likipanda nyuzi 300, chuma cha kawaida kinarefuka milimita 11 hivi, 304 karibu 16. Usilifunge kwa vyuma vigumu kwenye chesisi. Mipira tu, na fleksibo moja (kipande cha bomba kinachonyumbulika) baada ya flenji ya kwanza, maana injini inacheza kwenye maunti zake (mipira inayoibeba) wakati bomba limening'inia kwenye chesisi. Bila fleksibo ule mchezo wote unaishia kwenye stadi za manifodi.

Na kwa sailensa, kumbuka inaoza kuanzia ndani. Lita moja ya dizeli ikiungua inazaa karibu lita moja ya maji. Ukienda safari fupi fupi, yale maji hayapati joto la kukauka, yanakaa tumboni mwa sailensa na masizi. Toboa tundu la milimita 3 sehemu ya chini kabisa. Asubuhi utaona linadondosha maji meusi. Hayo yangekuwa yanakula chuma chako.

#11 Dada wa Karatu

Kaka Mkonga, nauliza kuhusu moshi mweusi. Tuna mkonga wa kubebea wageni, ukipanda geti la Ngorongoro kwenda ukingoni unatoa moshi mweusi hadi tunaona aibu kwa magari ya nyuma. Fundi amesema ni ekzosi imeziba tubadilishe yote. Ni kweli?

#12 Mkonga wa Meru

Dada, usitoe hela ya ekzosi kwanza. Pale ukingoni ni karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na ya pwani. Injini yenu haina tabo ya kuirudishia ile robo. Pampu inamwaga dizeli kwa kiasi kile kile, hewa ni chache, kinachobaki kinatoka kama masizi.

Anzeni na filta ya hewa, magari ya wageni yanakula vumbi kuliko tunavyodhani. Fungueni na kichwa cha mkonga wenyewe mtazame ndani, niliwahi kukuta kiota cha nyigu. Kisha nozeli (vipulizia dizeli) zipelekwe kupimwa. Kama chini, tuseme Mto wa Mbu, gari halitoi moshi, na huko juu linatoa, basi ekzosi haina kosa. Kama linatoa kote kote, funga geji nilivyoeleza #2, ndiyo itasema. Dereva naye apande kwa gia ndogo, asikanyage mpaka chini.

#13 Dada wa Karatu

Ubarikiwe kaka. Filta tumeitoa leo jioni, imejaa udongo mwekundu hadi inamwagika. Nitaleta mrejesho.

#14 Kijana wa Tabo

Wakuu, mimi nataka kufunga tabo kwenye 1HZ na ekzosi ya inchi 3 kwa pamoja. Ushauri?

#15 Mkonga wa Meru

Mdogo wangu, ukifunga tabo, bomba la inchi 3 ni sawa, hata lazima. Lakini kitu cha kwanza kununua kiwe geji ya joto la moshi, kabla ya tabo yenyewe. 1HZ inachomea mafuta kwenye chemba ndogo ndani ya silinda hedi, haikutengenezwa kwa ajili ya tabo kama ndugu yake 1HD-T. Ukiongeza hewa na mafuta bila kujua joto, hedi inapasuka pale kwenye zile chemba. Mafundi wengi wa dizeli wanaweka mpaka wa nyuzi 700 na hawakubali gari likae juu ya hapo kilimani. Bomba pana linasaidia kushusha joto hilo, kwa hiyo kwako wewe ekzosi ni kinga.

#16 Nyika300

Naongezea mambo ya kufunika bomba. Kuna mafundi wanauza ile kamba nyeupe ya asbesto kufunga manifodi na bomba. Msiikubali. Vumbi lake linaingia mapafuni na halitoki, linaleta saratani miaka mingi baadaye. Iko ya nyuzi za kioo inayofanya kazi hiyo hiyo. Na hata hiyo msifunge mfumo mzima, inashika maji ya mvua na kuozesha chuma. Funga pale tu bomba linapopita karibu na sakafu au paipu za mafuta.

#17 Gereji ya Mzee

Badala ya kufunga, mimi natumia kipande cha bati, nakiweka nafasi ya vidole viwili kati ya bomba na sakafu. Hewa inapita katikati, joto linaondoka. Na kiangazi mkipita kwenye nyasi ndefu, simameni kila mara muinamie chini. Nyasi zinajikusanya kati ya bomba na chesisi, zinakauka, zinashika moto. Nimeona gari limeungua likabaki fremu, wenyewe wakaokoka na nguo zao tu.

#18 Bahari HJ60

La mwisho kutoka kwangu: mkia utokee wapi? Fundi wa huku anataka kuutoa nyuma katikati, chini ya mlango.

#19 Mkonga wa Meru

Usikubali, hasa kama nyuma kuna viti. Gari lenye mgongo wa wima kama letu linaacha nyuma yake hewa inayozunguka na kurudi kwenye mlango. Moshi ukitokea hapo chini ya mlango unarudi ndani kwa kila upenyo wa mpira. Mimi nimeutoa ubavuni, nyuma ya gurudumu la nyuma, umechomoza sentimita 3 nje ya bodi, umekatwa kwa pembe ukiangalia chini. Na uangalie ni upande gani watu wako wanashukia. Wangu unatokea upande ambao watoto hawapandi.

Maji je? Mtoni mkia ukizama injini ikiwa inanguruma, presha ya moshi inayazuia maji. Hatari ni injini kuzima ukiwa katikati. Ikizima, usipige staa. Vuta gari litoke, mwaga maji kwenye bomba, kisha chomoa nozeli au glo plagi (plagi za kupasha joto) na uzungushe injini ikiwa wazi.

#20 Mkonga wa Meru (mrejesho, miezi sita baadaye)

Wakuu, naleta mrejesho. Gari limeshapiga kilomita 9,000, nyingi zikiwa za Engaruka na Natron. Mpira mmoja wa kuning'inizia, ule wa mwisho, ulikatika karibu na Engare Sero. Nilifunga kwa waya hadi nyumbani, nikaweka mipira miwili pale badala ya mmoja. Nati za flenji ya kwanza nilitumia za shaba, juzi nimezifungua kwa spana ya kawaida bila kuzipiga moto. Flenji safi, hakuna masizi.

Nilijaribu na ile njia ya kitambaa: injini imewashwa, ikiwa ya baridi, mtu anabana kitambaa kinene mkiani kwa sekunde chache, mimi nikiwa chini nasikiliza toka manifodi kwenda nyuma. Nilisikia mlio mwembamba kwenye kiungo cha sailensa, nikapaka maji ya sabuni, povu likatoka. Jumamosi nakipeleka kichomelewe.

Kitindamimba amekaa nyuma kutoka Arusha hadi Natron na kurudi. Hakulalamika kichwa.

#21 Dada wa Karatu

Mrejesho wetu nao: filta mpya, nozeli mbili zilikuwa zinamwaga badala ya kupuliza, zimebadilishwa. Tumepanda geti jana na wageni sita. Moshi upo kidogo pale kona ya mwisho, ila gari la nyuma halikuwasha taa kutuonya. Ekzosi ni ile ile ya zamani, hatujaigusa.